Saa ya zamani: kiraka si aibu, aibu ni kukificha

Kibanda cha fundi saa wangu hapa Tanga hakizidi upana wa meza yake. Siku nilipompelekea Seiko 5 niliyoinunua kwa mbwembwe, sikumpa hata nafasi ya kuitikia shikamoo yangu vizuri. Nikaanza kuisifu: ya miaka ya sabini hiyo, uso wa buluu hauna doa, muuzaji kaniapia haijaguswa na mkono wa mtu. Mzee hakuutazama uso niliokuwa nikiusifu. Aliilaza saa kifudifudi, akafungua mfuniko wa nyuma, akabana lenzi jichoni, akanyamaza muda wa kutosha jasho kuanza kunitoka. Kisha akasema, "Mwanangu, hapa umenunua saa tatu. Tatizo, hakuna hata moja iliyo kamili."

Mfuniko ulikuwa umechongwa 6309. Mashine ndani ilikuwa 7009. Uso ulijitangazia vito 21, yaani vile vijiwe vyekundu ambamo ncha za magurudumu huzungukia, lakini kwenye mashine yenyewe palichongwa 17. Na ile buluu iliyonipumbaza ilikuwa rangi mpya juu ya uso mkongwe, imepakwa na mtu mwenye haraka. Nilikuwa nimelipa shilingi 120,000. Saa inatembea, hilo sikatai. Ila nilichouziwa sicho nilichoambiwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa mwanafunzi wa kibanda kile, na kadiri ninavyojifunza ndivyo ninavyozidi kugombana na makundi mawili. La kwanza ni la wauzaji wetu, ambao kwao saa ikitembea imemaliza kazi: "Unataka nini tena, bosi? Sikiliza inavyogonga!" La pili ni la wakusanyaji wakubwa wa Ulaya na Marekani, ambao kwao skrubu moja iliyobadilishwa ni dhambi. Wa kwanza wanauza uongo kwa bei ya ukweli. Wa pili wamesahau kwamba saa ilitengenezwa ivaliwe, na kinachovaliwa huharibika, na kinachoharibika hupelekwa kwa fundi. Msimamo wangu uko katikati, na nitautetea: saa ya zamani inaruhusiwa kuwa na kiraka. Anayeiuza ndiye asiyeruhusiwa kukificha.

Asije mtu akadhani kupigwa changa la macho namna hii ni adhabu ya watu wa mitumba peke yao. Novemba 2021, katika mnada wa kampuni ya Phillips mjini Geneva, saa ya Omega Speedmaster ya toleo la kwanza kabisa, lile la 1957, iliuzwa kwa zaidi ya faranga za Uswisi milioni 3. Uso wake ulikuwa umegeuka kutoka mweusi kuwa wa kahawia, rangi ambayo wakusanyaji huiita ya kitropiki na huilipia kama lulu, ingawa chanzo chake ni rangi ya kiwandani iliyoshindwa kuhimili jua na miaka. Mnunuzi alikuwa Omega yenyewe, akiitafutia makumbusho yake. Mwaka 2023 ikabainika kwamba saa ile ilikuwa ya kuunganishwa, vipande vimeokotwa huku na huku vikafanywa mwili mmoja, na Omega ikaeleza kuwa watu watatu waliowahi kuwa wafanyakazi wake walihusika.

Tafakari hapo kidogo. Kiwanda kilichoizaa saa, chenye kumbukumbu zake na mafundi wake, kilitoa mamilioni kumpokea mtoto ambaye si wake. Mimi na laki yangu na ushei nilikuwa nani? Lakini kisa kile hakikunikatisha tamaa, kilinifunza kanuni. Kipande kimoja kinapokuwa na thamani kubwa peke yake, lazima atokee mtu wa kukiondoa mahali pake na kukipachika pengine. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi lisiwe "Ni nzuri?" Liwe "Je, hivi vyote vimezeeka pamoja?"

Hiyo ndiyo kanuni ya fundi wangu, na sijaona iliyoishinda. Saa ni baraza la wazee waliokua kijiji kimoja. Uso, mishale, bodi, mfuniko na mashine vimepigwa na jua lilelile, vimelowana jasho lilelile. Ukimkuta mmoja barazani ana ngozi ya kijana, usimwamkie bado. Muulize katoka wapi.

Tuanze na uso, maana ndiko iliko sehemu kubwa ya thamani, na ndiko uongo unakokaa kwa raha. India ina desturi ya miaka mingi ya kupaka nyuso za saa rangi upya, na Seiko 5 zilizopita mikononi mwa warsha hizo, pamoja na saa za HMT zilizotengenezwa India kwenyewe, zimesambaa duniani hata wakusanyaji wakazipachika jina la Bombay. Ukiziona utazijua: machungwa kama fanta, zambarau, kijani kibichi, rangi mbili zimegawana uso kama bendera. Sina ugomvi na rangi hizo. Kijana akipenda saa ya machungwa na avae. Ugomvi unaanza pale anapoambiwa kwamba ilitoka Japani hivyo mwaka 1972.

Chukua lenzi inayokuza mara kumi, ambayo haigharimu sana, uzisome herufi kama karani wa mahakama. Herufi za kiwandani zina kingo kali, unene wake ni mmoja, na zimesimama kwenye mstari kama askari wa gwaride. Herufi za kupakwa upya zinavimba, zinatawanyika pembeni kama wino uliomwagikiwa maji, au zimepanda kidogo upande mmoja. Tazama vijistari vya dakika: je, vinakutana sawasawa na alama za saa, au vinazikosa kwa unywele? Tazama kidirisha cha tarehe: rangi imemwagikia ndani ya kingo? Kisha shuka chini kabisa, penye tarakimu ya sita. Saa za Uswisi kwa kawaida huandika jina la nchi hapo, na wapakaji wengi hulisahau au hulikata nusu. Seiko za miaka hiyo huweka hapo maandishi madogo mno, na ndani yake tarakimu nne za kwanza kwa kawaida zinalingana na namba ya mashine. Uso wangu wa buluu ulikuwa mtupu pale chini kama kiganja.

Hapa ndipo ninapotushangaa. Sisi ni watu tuliozoea kuuona mshale kwenye saba tukatamka saa moja. Kila asubuhi tunasoma kisichoandikwa, wala hatukosei. Ujuzi huo tunauacha wapi tukifika mbele ya muuzaji?

Kutoka usoni nenda kwenye mng'ao wa gizani, kwa sababu hapo kuna shahidi asiyehongeka. Saa za zamani ziling'aa kwa rangi yenye mionzi. Mpaka miaka ya sitini ilikuwa radiamu, ambayo nusu yake huchukua takriban miaka 1,600 kuisha. Ikaja tritiamu, ambayo nusu yake huisha kwa miaka 12 na kidogo, na saa nyingi za Uswisi zilizoitumia ziliweka herufi T kila upande wa jina la nchi kule chini ya uso. Kuanzia miaka ya tisini tritiamu nayo ikapisha rangi zisizo na mionzi, zile zinazoshiba mwanga na kuurudisha gizani. Sasa piga hesabu. Saa ya tritiamu ya mwaka 1970 imebakiwa na chini ya sehemu moja ya ishirini ya nguvu yake. Ukiimulika kwa tochi ya simu, ukazima taa, nayo ikawaka kijani kwa nusu saa kama ishara ya kutokea ukumbini, basi rangi ile iliwekwa juzi. Ya radiamu nayo haiwaki tena. Madini yako palepale, lakini kemikali iliyokuwa ikiyageuza kuwa mwanga imekwisha kuchoka.

Kuhusu radiamu nina onyo moja, na silitoi kwa mzaha: usiikwangue na usiifungue nyumbani. Wasichana waliokuwa wakipaka nyuso za saa kule New Jersey, Marekani, wakizichonga ncha za brashi kwa midomo yao, waliugua na kufa kwa sababu ya radiamu hiyo katika miaka ya ishirini. Saa iliyofungwa vizuri na kuvaliwa kwa nadra ni jambo jingine. Vumbi lake ni la fundi anayejua anachokifanya.

Mng'ao huohuo uutumie kuipima mishale. Rangi iliyo kwenye mishale na ile iliyo usoni ziwe zimegeuka pamoja, kama zimekuwa maziwa ya mgando ziwe za mgando zote. Mishale myeupe juu ya uso wenye alama za njano ni mishale ya saa nyingine. Tazama na urefu: mshale wa dakika ukiwa wake utafika au utakaribia vistari vya dakika. Ukiishia njiani, umeazimwa.

Bodi husema mengi kwa pembe zake. Saa ikitoka kiwandani, zile pembe nne zinazoshika mkanda huwa na kingo unazoweza kuzihisi kwa ukucha, na sehemu zilizopigwa mistari ya brashi hutengana waziwazi na sehemu zinazong'aa. Kila anayeipeleka kwenye gurudumu la kupigia polishi anaondoa chuma, na chuma kikiondoka hakirudi. Baada ya polishi tatu au nne pembe zinakuwa za mviringo kama sabuni iliyotumika wiki mbili, matundu ya mkanda yanasogelea ukingo, na maandishi ya nyuma yanafifia. Ndiyo maana ninasema, na wauzaji wanichukie: saa ya miaka 50 inayong'aa kama sahani mpya imepunguzwa thamani yake kwa mikono ya mtu aliyedhani anaiongeza. Mikwaruzo ni umri wake. Mwenye kununua bila pupa huilipia mikwaruzo kuliko mng'aro.

Kisha mfuniko wa nyuma. Seiko katika hili ni waungwana. Tarakimu nne za kwanza ni jina la mashine, nne zinazofuata ni za bodi. Halafu kuna namba ya mfululizo, ambayo tarakimu yake ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, na ya pili ni mwezi: moja hadi tisa, kisha sifuri kwa Oktoba, N kwa Novemba, D kwa Desemba. Namba inayoanza na 42 ilizaliwa Februari ya mwaka unaoishia na nne. Ni 1974 au 1984? Hapo unairudia mashine ikuambie, maana kila mashine ilikuwa na zama zake. Dakika mbili za kusoma zingeniokolea laki yangu. Lakini mfuniko peke yake usikutulize, kwa kuwa ndicho kitu rahisi kuliko vyote kubadilisha. Usikubali kulipa mpaka umeiona mashine. Muuzaji akikuambia kuifungua kutaiharibu, muage kwa adabu.

Mashine ikifunguliwa, mtu asiye fundi anaweza kuona mambo manne. Namba yake. Kutu, hasa karibu na kijiti cha kitufe cha kutilia ufunguo, ambako maji hupitia. Vichwa vya skrubu, kama vimetafunwa na bisibisi isiyo saizi yake, kwa maana mkono uliozitafuna skrubu haukuwa na huruma hata kwa visivyoonekana. Na pumzi: lile gurudumu la mizani linapaswa kucheza kwa upana na bila kusita, saa ikilala chali, kifudifudi na ikisimama wima. Seiko 5 nyingi hugonga mara 21,600 kwa saa moja, yaani sita kwa sekunde. Saa nyingi za zamani za kutia ufunguo kutoka Uswisi hugonga mara 18,000, tano kwa sekunde. Siku hizi zipo programu za simu zinazoisikiliza saa na kukuonyesha inakimbia au inachelewa kiasi gani. Mashine ya kupimia ya fundi huenda mbali zaidi, ikapima upana wa kucheza kwa digrii. Ikisoma 250 hadi 300 saa ikiwa imeshiba ufunguo, mshukuru Mungu. Ikianguka chini ya 200, saa inaomba kusafishwa.

Hapo usikimbie mbio. Moja ya makosa ya wanunuzi wapya ni kuogopa maradhi mepesi na kuyakumbatia mazito. Saa inayokimbia dakika kadhaa kwa siku inaweza kuwa imeshikwa na sumaku tu, na fundi ataiondoa wakati chai yako haijapoa. Saa inayosita pengine mafuta yamekauka. Kioo chenye mikwaruzo kinabadilishwa, mpira wa kuzuia maji unabadilishwa. Hayo ni homa na mafua. Ugonjwa mzito ni uso uliopakwa, bodi iliyosagwa, kutu iliyokula magurudumu. Huo hauna hospitali. Na usizame na saa ya kale baharini kwa kuwa nyuma yake pameandikwa kwamba inahimili maji. Maandishi yale yalikuwa ahadi ya mpira ambao umekwisha kufa.

Pamoja na hayo yote, kitu kinachouza saa kuliko mashine ni hadithi. "Hii ilikuwa ya mkuu wa wilaya." "Hii ilitoka kwenye jumba la mfalme." Wenzetu wa Oman wanalijua hili vizuri zaidi. Sultan Qaboos, aliyetawala kuanzia 1970 hadi 2020, aliagiza saa za Rolex na za kampuni nyingine zenye nembo ya jambia usoni, akizitoa zawadi. Nembo ile ndogo huipandisha bei ya saa maradufu na zaidi, na kwa sababu hiyohiyo zipo nyuso zilizopigwa nembo ya jambia miaka mingi baada ya saa kutoka kiwandani. Jambia linalouzwa ghali lazima litazamwe kwa lenzi kuliko saa iliyolibeba.

Sisemi hadithi haina thamani. Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa New York tarehe 26 Oktoba 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17.7. Nyuma yake mkewe, Joanne Woodward, alikuwa amechongesha maneno ya kumtaka aendeshe gari kwa uangalifu. Mfuniko wa kawaida ukichongwa hivyo unashuka bei. Huu ulipanda, kwa kuwa hadithi yake ilikuwa na picha, na mlolongo wa mikono unaofahamika, na maandishi kwenye chuma. Hadithi yenye ushahidi ni sehemu ya saa. Hadithi ya mdomoni ni sehemu ya muuzaji, na atabaki nayo ukishaondoka.

Wala si lazima msimuliaji awe mwongo. Hilo nililijua nyumbani kwetu. Mjomba wangu, karani wa bandari enzi zake, alikuwa na Seiko 5, na sisi watoto tulikua tukisikia kwamba aliivaa usiku wa Uhuru, Desemba 1961, bendera ilipopanda. Alipofariki, mkaza mjomba alinikabidhi saa ile ikiwa imefungwa kwenye leso. Nikaipeleka kibandani, safari hii kwa unyenyekevu. Mfuniko 6119, mashine 6119, maandishi ya chini ya uso yanaanza na 6119. Vito 21 usoni, 21 ndani. Siku za wiki zimeandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, na hiyo ikakubaliana na kumbukumbu ya mkaza mjomba kwamba saa ililetwa na ndugu kutoka Muscat. Lakini namba ya mfululizo ilianza na 42. Februari 1974. Na hata bila namba hiyo, Seiko 5 ya kwanza duniani ilitoka 1963. Mjomba hakuivaa usiku wa Uhuru. Labda alivaa nyingine, labda alisema "enzi za uhuru" sisi tukasikia "usiku wa Uhuru". Hakuna aliyedanganya, na bado haikuwa kweli. Kama familia inayompenda marehemu inaweza kukosea miaka 12, utamwamini vipi kwa neno tupu mtu uliyekutana naye leo, naye anataka fedha yako?

Sasa nirudi kwa wale wakusanyaji wakali, kwa sababu wao wangeitazama saa ya mjomba wakaguna. Kioo chake si cha kiwandani. Kitufe cha pembeni, kile kilichofichwa penye tarakimu ya nne, ambapo sisi tunasoma saa kumi, kimetolewa kwenye Seiko nyingine. Mkanda wa chuma ulikatika zamani, huu ni wa ngozi. Ndani ya mfuniko kuna alama ndogondogo zilizokwaruzwa kwa sindano, kumbukumbu ambazo mafundi hujiachia kila wanapoihudumia saa. Kwa kipimo cha Geneva, hii ni saa iliyopungukiwa.

Kwa kipimo changu, hii ni saa iliyoishi. Katika nchi ambayo spea ya kiwandani haikuwahi kuwa jambo la kuagiza leo ukapata kesho, kila saa iliyofika hapa ikiwa hai imefika kwa msaada wa fundi aliyetafuta kilichopo. Kudai saa ya mkono iliyovaliwa bandarini miaka 30 iwe haijabadilishwa kioo ni kudai mzee wa miaka 80 awe na meno yote ya utotoni. Isitoshe, usafi wa kupindukia ndio unaowazaa matapeli. Ukitangaza kwamba utalipa mara kumi kwa saa isiyoguswa, usishangae wakitokea watu wa kutengeneza kutoguswa. Kisa cha Speedmaster ile kilizaliwa na tamaa ya namna hiyo.

Wako watakaosema ninawatetea wachakachuaji, kwamba ukiruhusu kitufe kilichoazimwa utaruhusu na uso uliopakwa. Tofauti ninaiona wazi. Kiraka kinachoifanya saa iendelee kutembea ni tiba. Kiraka kinachoifanya ionekane kuwa kitu kingine ni barakoa. Kioo cha mjomba kiliwekwa ili asome saa. Buluu ya saa yangu iliwekwa ili mimi nisisome chochote. Na hata barakoa ningeivumilia kama ningeambiwa, nikalipa bei ya barakoa. Kwa 40,000 ningeinunua ile saa ya buluu nikicheka.

Kwa hiyo ninaloliomba ni dogo na halihitaji sheria mpya. Mnunuzi, nenda na lenzi, na uulize maswali matatu kabla ya kutaja bei: nini kimebadilishwa, nani alikibadilisha, na je, nifungue nyuma? Jibu la swali la tatu litakuambia kama majibu ya mawili ya kwanza ni ya kweli. Kisha nunua kwa fedha ya unachokiona, hadithi uichukue bure. Muuzaji, orodhesha viraka vyako mwenyewe, kwa maandishi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kilio cha biashara ni mteja asiyerudi na anayewaambia wengine. Kizuri nacho chajiuza. Muuzaji wa saa ya kweli hana haja ya kuapa.

Fundi wangu ndiye aliyenionyesha jinsi linavyofanyika. Alipomaliza kuisafisha saa ya mjomba na kuitia mafuta, alikwaruza alama yake ndani ya mfuniko, chini ya alama za waliomtangulia, akaufunga. Kisha akachana karatasi kwenye daftari la risiti, akaandika kwa kalamu ya wino wa buluu, taratibu, kama anayeandika wasia: Kioo si chake. Kitufe si chake. Mkanda si wake. Mengine yote ni yake, 1974. Akatia sahihi na tarehe.

Nikamuuliza karatasi ni ya nini, maana saa siiuzi. "Wewe huuzi," akasema, akiwa amekwisha kuinamia saa ya mtu mwingine. "Mwanao je?"

Karatasi ile nimeikunja ndani ya leso ya mkaza mjomba, pamoja na saa.